Vyeti Vilivyofuata Simu

Katika wodi ya wazazi walimwita Mama Sukuma, kwa kuwa sauti yake ya kuhimiza wazazi, "Sukuma! Sukuma!", ilisikika mpaka getini. Baadhi ya watoto aliowapokea sasa wanakuja kujifungua kwake. Lakini leseni ya ukunga haijui hayo. Leseni inataka pointi za masomo kila inapohuishwa, na bila pointi humgusi mzazi hata kwa kidole.

Wenye uwezo walikwenda semina za hotelini, wakala, wakasinzia, wakarudi na vyeti. Yeye akashika njia ya mnyonge: kozi za bure mtandaoni. Simu yake ilikuwa ya vitufe, kazi yake kupiga na kupokea, basi akawa anaazima ya binti yake, muuza viatu vya mitumba, kila atokapo zamu. Binti alimfungulia ukurasa, akabonyeza hapa na pale, akamwambia, "Haya mama, soma." Akasoma, miwani puani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Akakosa maswali, akarudia, akapata. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikajaa kweli.

Leseni ilipokaribia kuisha akaenda kwa karani wa baraza la wakunga, simu ya binti mkononi. Karani akapekua, kisha akamgeuzia kioo cha simu. Vyeti vyote vilikuwa na jina la binti. Akaunti ilikuwa ya mwenye simu, na vyeti vilifuata simu, havikufuata kichwa kilichosoma. Masikini, yeye kila mara alitazama alama tu. Jina nani hulisoma, wakati jina lake analijua?

Karani alikuwa mpole, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mkali angalau ungegombana naye.

"Mimi naamini umesoma wewe, mama," alisema. "Mfumo ndio hauamini."

"Sasa nimwombe nani, mwanangu?"

Karani akamrudishia simu. Vyeti havihamishwi, akamweleza. Itabidi aanze upya kwa jina lake, na leseni itaisha kabla hajafika nusu.

Nyumbani binti alilia. Yule asiyeweza hata kutazama kidole kilichokatwa, ndiye sasa mwenye pointi za ukunga. Mama alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Alitaka kumfokea pia, lakini amfokee kwa lipi? Mtoto alimsaidia.

Leseni ikaisha. Mkuu wa wodi, kwa aibu, akamweka koridoni kukunja mashuka, akamkataza kuvuka mlango wa chumba cha kujifungulia. Siku hiyohiyo akaletwa msichana mwenye uchungu wa uzazi, ambaye naye alizaliwa mikononi mwa Mama Sukuma. Akapiga kelele humo ndani, akiuliza Mama Sukuma yuko wapi.

Mama Sukuma akasimama. Akaufikia mlango, akaweka kiganja juu yake, asiusukume.

"Niko hapa, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri. Kisha akarudi kwenye mashuka.