Vikombe saba vya kokteli ya mitishamba

Leo nimekunywa vikombe saba vya kitu nisichokipenda, kwa adabu tu.

Baba alinipeleka kwenye mkahawa mpya wa Kichina hapa Nizwa. Sharti lake: nikizungumza na mhudumu peke yangu, kwa Kiingereza, ataniruhusu kwenda kusoma Maskati.

Mnanijua. Mimi hata simu naogopa kupokea.

Nikaagiza kokteli ya mitishamba, isiyo na pombe, kwa kuionyesha tu kwa kidole kwenye menyu. Ikaja kwenye birika, na vikombe vidogo kama finjani.

Wallahi, chungu!

Nilipomaliza cha kwanza nikakitikisa, kama tunavyofanya kwenye kahawa kusema imetosha.

Mhudumu, dada wa Kichina, akatabasamu, akamimina tena.

Nikatikisa. Akamimina.

Nikatikisa kwa nguvu. Akajaza mpaka juu.

"Kumbe unaipenda, mwanangu!" Baba akasema.

Baada ya cha saba nikasimama, nikamwambia dada kwa Kiingereza, kwa sauti: "Basi! Sitaki tena!" Mkahawa mzima ukageuka.

Baba akacheka mpaka machozi. "Maskati utakwenda. Nilikuwa nangoja hilo tu tangu kikombe cha pili."

Hongera zenu nazipokea. Ila mtu asinikaribishe chai leo.