Njiwa wa Inshirah

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa kama asubuhi nyingine, Inshirah alipanda juu ya paa kulisha makinda ya njiwa. Ngazi ni kumi na nane. Mumewe, Mitwalli, alisimama chini akimsikiliza. Mkewe alipumzika kwenye ya saba, akapumzika tena kwenye ya kumi na mbili, na kila alipopumzika alikohoa kikohozi kile kikavu.

"Mama Rida, nije nikusukume?"

"Uje tuanguke wote wawili, wajukuu wacheke?"

Alilisha kama mama yake alivyolisha. Alijaza mdomo mahindi yaliyolowekwa, akapanua mdomo wa kinda, akampulizia. Njiwa wake walinenepa mpaka wenye harusi wakaja kuwanunua kutoka ng'ambo ya mji wa Mit Ghamr. Aliposhuka, mtandio wake ulikuwa mweupe kwa vumbi la manyoya.

Alikuwa amekohoa miaka sita. Kwanza aliambiwa pumu, akapewa dawa ya kuvuta. Halafu wakashuku kifua kikuu. Makohozi yakapimwa mara tatu, hakuna kitu. Akakonda. Ncha za vidole zikavimba. Kila daktari aliuliza kama nyumbani kuna ndege, na kila mara Inshirah alijibu, "Hata kuku sina."

Mwaka wa homa ya ndege watu wa serikali walipanda mapaa yote ya mtaa, wakaua kila chenye bawa. Inshirah alificha jozi tatu ndani ya kabati la nguo. Tangu hapo, mbele ya koti jeupe la daktari hakuwa na ndege. Mitwalli alikaa pembeni yake, mkoba wa mkewe mapajani, akanyamaza.

Siku ile, aliposhuka kutoka paani, walikwenda mjini Mansura kwa Dokta Wisam, mwanamke. Alitazama picha za mapafu kwa muda mrefu. Hakuuliza habari za ndege.

"Hajati, nieleze siku yako inavyoanza."

"Naamka, nasali, nachemsha chai."

"Kisha?"

"Kisha nainywa. Ulitaka niimwage?"

Daktari akacheka. Mitwalli alikuwa akihesabu pumzi za mkewe. Kila maneno mawili, pumzi moja.

"Ana njiwa themanini," akasema. "Anawalisha kwa mdomo."

Inshirah alimgeukia.

Daktari akaweka kalamu chini. Si pumu, akasema, wala si kifua kikuu. Watu wengi vumbi la ndege haliwadhuru, lakini miili mingine hupigana nalo mwaka hadi mwaka, mpaka mapafu yanakuwa makovu. Watapima damu na maji ya mapafuni wapate hakika.

"Tangu baridi ianze wewe ni wa tano. Wote wanawake, wote wafugaji wa juu ya paa."

"Makovu yanapona?" Mitwalli aliuliza.

"Hayaponi, baba. Mngekuja na habari hii mapema, tungeyazuia."

Vipimo vikathibitisha. Njiwa waliondoka wiki ile. Inshirah aliishi baridi mbili zaidi, mrija wa hewa puani, na Mitwalli akajifunza kumsuka nywele.

Mchana mmoja akamtolea lililomkaa kooni: kwamba miaka sita alimsikia akiwakana njiwa mbele ya madaktari, akanyamaza. Inshirah alivuta hewa, akamshika mkono, akasema:

"Baba Rida, uongo ulikuwa wangu. Wewe ulinishikia mkoba tu."