Steringi Mwenye Shati Jeupe

Binti yangu ana tabia moja inayonichosha: kila jambo lazima kwanza alifanyie mazoezi. Mimi niliyeacha shule darasa la tano, nikaja Stockholm na begi moja, nikasugua vyoo vya maofisi ya Kista mpaka leo nina kampuni yangu ya usafi na watu kumi na wanne chini yangu, sijawahi kufanya mazoezi ya kitu. Nafanya kitu chenyewe.

Basi akanijia na filamu ya maharamia, ya zamani kabisa, isiyo na sauti, iliyotokana na riwaya. Alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kwenye ukumbi mmoja wa sinema, mtaa wa Fittja, kwa majaribio, na hilo lilikuwa onyesho lake la kwanza. Likiharibika, na kazi imekwenda. Alitaka kuwaalika Waswahili wote, na mimi nisimulie, maana ujanani kule Morogoro nilikuwa natafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Za Kichina, za Kihindi. Sikujua Kichina wala Kihindi, na watu walilia pale nilipotaka walie.

"Pappa, iangalie kwanza," aliniambia kwa Kiswidi. Kiswahili anakisikia, kukijibu hataki. "Na usome hiki kitabu."

"Filamu haina hata maneno, mwanangu. Nitakosea nini?"

Kitabu nikakitupa kwenye gari. Kinene kama tofali.

Jumamosi mchana ukumbi ukajaa Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Mkuu wake wa kazi, mama wa Kiswidi, alikaa nyuma na daftari. Nikashika maikrofoni. Kibandani, jambo la kwanza ni kuwaonyesha watu steringi mapema, wajue wa kumshangilia. Nikamwona kijana mwenye shati jeupe, nywele zimechanwa, anaruka mlingoti hadi mlingoti. Nikatangaza: "Huyo ndiye steringi! Yule mwenye ndevu ndiye adui!" Makofi. Yale maandishi yanayokatiza picha sikuyajali. Yanapita upesi mno. Aliyeyaandika hakuwafikiria watu wenye shughuli.

Nusu saa baadaye shati jeupe akawafungulia maadui ghala la baruti, wenzake wakafungwa kamba.

"Eh, papa!" mzee wa Kikongo akaita. "Steringi yako anauzisha watu!"

"Anajifanya," nikasema. "Ni mpelelezi."

Shati jeupe akamchoma mpishi wa meli kisu.

"Na hiyo ni upelelezi gani?" akauliza mama mmoja wa Kenya. "Ama alimwekea chumvi mingi?"

Wakacheka, na si kile kicheko ninachokijua mimi. Nikasema mpishi alikuwa jasusi. Kisha na msaidizi wa nahodha nikamfanya jasusi. Mwisho meli nzima ni majasusi, hata mimi sijui nani yuko upande gani. Mpiga piano, aliyekodiwa kuisindikiza picha kwa muziki, ananitazama kana kwamba nimelewa. Nyuma kule, mkuu amefunga daftari, anavaa koti. Binti yangu kasimama kando ya mashine ya filamu, mikono kichwani.

Nilikuwa namfukuzisha kazi mwanangu mwenyewe.

"Ndugu zangu," nikasema, "nimekosea. Shati jeupe ni msaliti. Kitabu sikusoma. Aliyekisoma ni yule pale." Nikamgeukia. "Mwanangu, njoo. Inakuwaje?"

Akaja. Yeye ananinong'oneza kwa Kiswidi, mimi naitoa kwa Kiswahili. Sijapata kufanya kazi na mtu msumbufu namna ile. Hata wateja wangu wa Spånga ni nafuu. Nikisema upanga umevunjika, ananifinya: haujavunjika. Nikisema mwenye ndevu analia: hapana, ni mvua. Lakini watu wakatulia. Mkuu akabaki na mkono mmoja ndani ya koti, hajalimalizia.

"Kwenye kitabu mwenye ndevu anazama," akaninong'oneza mwishoni. "Kwenye filamu anaoa."

"Basi wenye filamu wana akili."

Nikamwozesha kwa mahari ya ng'ombe thelathini. Nikangoja kufinywa, sikufinywa. Mama wa Kenya akapiga vigelegele.

Taa zilipowaka mkuu akaja mbele, akamwambia binti yangu aanze kuandaa onyesho la pili, akampa mkono. Yeye. Mkono wangu nilikuwa nimeshaunyoosha, ikabidi nijikune nao kisogo.