Kikombe cha Maji Wodini

Nitasema wazi: nilimwonea wivu. Dada yule, muuguzi mwenzangu, nilimfundisha mwenyewe kushika barakoa usoni mwa mgonjwa, alipoingia hospitalini kwetu hapa Bukavu hajui kitu bado. Halafu ikaja nafasi moja ya masomo ya juu ya dawa za usingizi, kwa upasuaji wa watoto na wa kifua, wakampa yeye. Mimi, mwenye miaka ishirini kwenye kichwa cha meza ya upasuaji nikilaza wagonjwa usingizi, wakaniambia nibaki kulinda kazi. Ati kulinda.

Akarudi na makaratasi. Kila kitu, "utafiti umeonyesha." Madaktari waliozoea kuniuliza mimi wakaanza kumwuliza yeye, naye ananigeukia kwa adabu: "Papa, unaona namna gani?" Hiyo adabu ndiyo iliyonichoma roho zaidi.

Tena akavunja desturi yetu. Sisi tulimfungisha mgonjwa tangu jioni, hata tone la maji hapana. Yeye akasema mtoto anywe maji matupu mpaka zibaki saa mbili kabla ya usingizi.

Siku moja akaletwa mtoto wa miezi minane kutoka Kamituga, mdomo umepasuka tangu kuzaliwa. Atapasuliwa saa tatu. Asubuhi mapema nikamkuta mama yake wodini, ameshika kikombe na kijiko, kama dada alivyomwagiza.

"Weka kando," nikamwambia. "Huku mutoto hanywi kitu."

Nilijua dada anasema kweli. Makaratasi yake nilikuwa nimeyasoma kwa siri. Nilitaka tu neno langu nalo lishike.

Mgonjwa wa kwanza akatuchelewesha. Mtoto akaingia saa saba mchana, midomo imekauka, analia bila machozi. Nikatafuta mshipa mkononi, nikakosa. Mguuni, nikakosa. Nilipochoma mara ya nne hakulia tena, na hapo nikaogopa. Dada akanisogeza kwa kiwiko, akaupata kichwani.

Maji ya dripu yakiingia taratibu, dada akatoka mlangoni kwa mama wa mtoto, nami nyuma yake.

"Maman, nilikuambia umupe maji. Juu ya nini hukumupa?"

Mama akanitazama. Mtoto wake alikuwa bado hajalazwa usingizi, na mimi ndiye ningekaa kichwani pake.

"Nilisahabu," akasema. "Munisamehe."

Dada akaandika kwenye karatasi yake kwamba mama hakuelewa maagizo. "Papa," akaniambia, "hawa wamama tuwaeleze polepole."

Nikasema ndiyo.