Tiketi Iliyofungiwa Kwenye Tranka

Shangazi Felista alijifungua Dar kwa upasuaji, na kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, mzazi haachwi anywe chai na mkate kama mgonjwa wa malaria. Anapikiwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na mpishi ni mama yake. Ndiyo maana Bibi alisafiri. Mimi nilikuwa likizo, kazi yangu kubwa ikiwa kula, basi nikateuliwa kumsindikiza mpaka stendi ya Moshi.

Tiketi aliikata mume wa shangazi hukohuko Dar, kwa simu. Mambo yalikuwa mageni: unalipa kwa simu, kampuni ya basi inatuma ujumbe wenye namba, abiria anauonyesha mlangoni. Yeye aliwapa namba ya Bibi. Ujumbe ulipoingia nilimsomea mimi, nikaongeza na onyo la kitaalamu: "Bibi, tiketi imo humu. Ukiipoteza hii simu, husafiri."

"Siipotezi," akasema.

Alfajiri tuliteremka na gari la maziwa. Bibi alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na madumu pamoja na mkungu wa ndizi mshare za huo mtori, ambao ulipewa nafasi nzuri kuliko yangu.

Stendi ilikuwa imefurika. Januari kila Mchagga aliyepanda mlimani kula Krismasi anataka kurudi mjini siku moja na wenzake wote.

"Shikamoo, mama. Tiketi?" kondakta akauliza.

"Marahaba. Iko nyumbani."

"Nyumbani?"

"Kwenye tranka. Nimepiga kufuli." Bibi akanitazama kwa fahari. "Mjukuu wangu alisema nisiipoteze. Na hapa kwenu mna wezi."

Watu wakacheka. Kondakta naye akacheka, kisha akasema bila namba kiti atakiuza basi likitaka kuondoka, na mabasi yote yalikuwa yamejaa mpaka wiki ijayo. Bibi akakaza kilemba. "Mwanangu ana mshono, mchana kutwa yuko peke yake na kichanga. Wiki ijayo nikapike nini?"

"Nipe ufunguo niilete simu," nikasema.

"Ufunguo wa tranka langu? Hata babu yako hajawahi kuushika!"

"Sasa tufanyeje?"

"Lete tranka."

Nilipanda Kibosho kwa pikipiki. Babu alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Aliponiona natoka chumbani na tranka, akasimama na panga mkononi.

"Bibi yako anahama?"

"Anaonyesha tiketi, Babu."

"Mm. Wanaohama huanza hivyohivyo."

Kuteremka nililipakata tranka, limebanwa kati yangu na mgongo wa dereva wa pikipiki. Kila korongo tranka lilinipiga kidevu, naye akalalamika kwamba amebeba kabati. Watoto njiani walituuliza harusi iko wapi.

Tulipofika stendi, basi lilikuwa linanguruma, na kijana mmoja mwenye begi ameshasimama karibu na kiti cha Bibi kama fisi.

"Mangi!" kondakta akaniita, kama anavyoitwa kila Mchagga stendi. "Wenzako wanaleta tiketi, wewe unaleta nyumba!"

Bibi akapiga magoti, akatugeuzia sote mgongo, akafungua kufuli, akapenyeza mkono tu. Simu ikatoka. Kondakta akasoma ujumbe, akaandika ile namba kwenye tiketi ya karatasi, akaichana na kumpa.

"Si ungenipa hii tangu mwanzo?" Bibi akasema, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akairudisha simu ndani ya tranka na kufunga kufuli.

"Bibi, nenda nayo!"

"Dar? Wezi wa kule si ndio walimu wa hawa?"

Akapanda, ufunguo shingoni, na kijana wa begi akateremka.

Kurudi, tranka lilinipanda mabega mpaka nyumbani. Njiani nilijifunza kwamba mtu mzima akiambiwa atunze kitu, aambiwe pia akitunzie wapi. Darasani hatukufundishwa hilo.

Jioni mimi na Babu tulikaa jikoni tukimenya ndizi. Hatukuwa na simu nyingine, wala njia ya kujua kama basi limefika. Giza lilipokuwa linaingia, tranka likaanza kuita.

Tukakimbilia chumbani. Nikavuta kufuli, halikutikisika. Babu akaliinamia tranka, akapaza sauti: "Mama Felista! Umefika?"

Simu ikakata. Ikaita tena kidogo tu, ikakata.

"Labda ni mtu mwingine," nikasema.

"Mtu mwingine angepiga ili apokelewe," Babu akasema. "Huyu anajua hatuwezi kupokea, ufunguo anao yeye. Amefika."

Akaenda kumkamua ng'ombe huku anapiga mluzi.