Wafalme Wawili, Mzunguko wa Tatu

Mhandisi wa ardhi, mtu wa Beira, alihamishwa kutoka Palma na akaamua kutoibeba impressora yake. Tulioitaka ile mashine ya kuchapia tulikuwa wanane. Hakutaka kumpendelea mtu, akasema tutaichezea: mashindano ya poka, Jumapili mchana, barazani kwake. Wiki mbili nzima alitufundisha.

Baba aliniuliza jambo moja tu. "Anayeshindwa anatoa nini?"

"Hatoi kitu, baba. Tunacheza kwa komwe za bao."

"Haya. Lakini swala ya alasiri isikupite."

Mimi nilikuwa na riwaya. Niliyoiandika mwanzo ilipotea tulipoukimbia mji siku za mashambulizi. Ilikuwa kwenye flash, na flash ile sijui ilidondoka njia gani. Tuliporudi niliiandika upya kwenye kompyuta, kama mtu anayemkumbuka marehemu kwa kutaja nguo zake. Sasa nilitaka karatasi. Karatasi unaifunga kwenye kanga, unajitwika, unaondoka nayo.

Kila mtu alipewa komwe hamsini. Zikikuishia, unatoka. Karata mbili unazishika kwa siri, tano zinafunguliwa mezani kwa ajili ya wote, jozi kubwa inaipiga ndogo, na karata tatu za namna moja zinaipiga jozi yoyote. Mzunguko wa tatu nikainua ncha za karata zangu: mfalme wa shupaza, mfalme wa kopa.

Mhandisi alikuwa ametuonya: jozi kubwa haifichwi, hata mchezo ukiwa bado mchanga. Ukiificha, kila mtu ataingia kwa bei rahisi, na katika wengi hakosekani mmoja wa kubahatika. Nikasukuma komwe kumi na mbili.

"Eh! Mwandishi kaamka," akasema karani wa forodha, akazitupa karata zake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Akabaki mkunga wa mtaa wetu, mama aliyenipokea siku niliyozaliwa, na ambaye kwenye sueca, mchezo wa karata wa kila baraza hapa kwetu, hajapata mshindani. Alizitazama karata zake, akatabasamu, akasukuma komwe zake zote, arobaini na sita.

"Mwanangu, rudi nyumbani ukapike."

"Nimeshapika, mama."

Mimi nilikuwa na arobaini na nane. Ningeweza kuziacha zile kumi na mbili na kusubiri. Lakini jozi moja tu ilikuwa juu ya yangu, ree mbili. Nikajiambia: ukiogopa na wafalme mkononi, utathubutu na nini? Nikaweka.

Mama akafunua. Saba mbili.

"Manilha mbili!" akapiga kofi. "Wafalme wapige magoti!"

Baraza likaangua kicheko. Kwenye sueca saba, yaani manilha, humpita mfalme. Mama alikuwa ameingia na kila alichokuwa nacho kwa sheria za mchezo mwingine.

"Mama, hapa saba ni saba tu," mhandisi akamwambia kwa upole.

"Tangu lini? Nani kabadilisha?"

Karata za mezani zikafunguliwa: mbili, tano, malkia. Kisha tisa. Nilishaanza kusikia kurasa zangu zikitoka mashineni, moja moja, zenye joto. Karata ya mwisho ikawa saba.

Saba tatu dhidi ya wafalme wawili.

"Nilisema nini mimi?" mama akauliza, huku akizizoa komwe zangu kwa mikono miwili. "Kichwa kigumu kama siku ile ulipokuwa unatoka."

Zikanibakia mbili. Nilizicheza kwa ukaidi. Zikawa nne, zikawa tisa, zikafika thelathini. Nikaenda kuswali, nikarudi, zikaisha. Mama alikuwa ameshatoka kabla yangu, kwa saba mbili nyingine. Impressora akaichukua yule karani wa forodha.

Wakati wa kuagana mhandisi aliniuliza kama najuta kuweka karibu zote mapema vile.

"Nikiwapata tena wale wafalme, nitaweka tena."

Njiani nilipita dukani, nikanunua madaftari sita na kalamu.

Sasa nainakili riwaya kila siku baada ya alfajiri, mpaka jua linapogusa kizingiti. Kidole cha kati kimeota sugu. Nimefika sura ya tisa, na sura ya nne imekuwa bora kuliko ilivyokuwa kwenye kompyuta, kwa sababu mkono unachoka na maneno ya bure. Madaftari yaliyojaa yako ndani ya kanga, yamefungwa mafundo mawili, karibu na mlango.