Thelathini kwa Thelathini

Kwa miaka ishirini na minane Sylvère wa Musaga alikuwa inspekta wa shule, na hakuna mwanafunzi aliyenakili mbele yake akaufikia mwisho wa mtihani. Hata Xavier, jirani yake wa sasa, alishawahi kutolewa nje na yeye kwa ajili ya kikaratasi alichokificha ndani ya soksi. Leo Xavier anauza rangi na misumari, na amenenepa kuliko aliyemfukuza.

Basi inspekta akaanza kusahau. Alirudi kutoka kanisani na Biblia ya mtu mwingine. Akatia ufunguo wa nyumba katika sufuria ya maharage. Akamuulizia kaka yake, ambaye walimzika miaka sita iliyopita. Mkewe, Candide, mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu aliogopa.

Padri alipotangaza kwamba madaktari wanatafiti ugonjwa wa kusahau, unaletwa na nini na unatambuliwaje, na kwamba watakaokutwa nao watatibiwa bure, Candide alimwandikisha mumewe siku ileile. Sylvère yeye alisikia jambo moja tu: maswali thelathini, yenye alama. Penye maswali na alama ni mtihani, na mtihani hauendewi mikono mitupu. Akaenda kwa Xavier, aliyekuwa amempeleka mama yake kupimwa, na Xavier akamwandikia maswali yote kwa mwandiko safi na furaha isiyo kifani.

Candide angeweza kuichana ile karatasi. Kila mtu Musaga anajua kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kisha kila mtu anaficha ya kwake. Aibu ilimshika. Siku mbili akamhoji mumewe kama mtoto wa darasa la sita: mia toa saba, toa saba tena, haya, chora saa. Tarehe alimnong'oneza njiani.

Dokta Léonce, kijana mwenye tableti mpya ya kuandikia, alikuwa na wazee arobaini wa kumaliza kabla ya Ijumaa. Alipoanza kusema kwamba atampa maneno matatu ya kukumbuka, Sylvère alikuwa ameshayataja: ndizi, kisu, ngoma. Léonce akaandika kwamba mzee anajibu haraka. Thelathini kwa thelathini. Candide akaanza kueleza habari ya ufunguo na maharage, na kijana, bila kuinua macho, akamwambia huo ni uzee tu, warudi nyumbani, watakaofuatiliwa ni wagonjwa. Candide alijua pale ndipo pa kusema. Akatazama viatu vyake.

Mtaa mzima ulihabarishwa. Xavier alimpongeza mzee kwa mikono miwili na kumnunulia mishikaki, na Candide akatamani kumtia mwiko wa ugali kichwani.

Asubuhi yake alimkuta mumewe amevaa koti na tai, kalamu mfukoni.

“Mama Danielle, tunachelewa,” alisema. “Leo si ndiyo siku ya examen?”

Candide akaketi kitandani akalia. Alipomaliza, alijifunga kitenge, akamshika mkono, wakapanda basi la mjini.

Léonce aliwaeleza kwa adabu kwamba mzee alikwisha kupimwa jana, tena alikuwa wa kwanza. Sylvère akakana. Yeye hajawahi kumuona huyu kijana, alisema, na hapendi kudanganywa.

“Dokta, alikopia,” Candide akasema. “Na mi ndiye nilimufundisha.”

Léonce akaiweka tableti chini, akavuta kiti, akamuuliza yale ambayo hakumuuliza jana: ilianza lini, ilianzaje, anasahau nini. Candide akamwaga yote, kuanzia Biblia.

Sylvère aliketi kwenye benchi la mbele, amenyoosha mgongo. Aliinama mara moja tu, akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama maswali ni magumu.

“Ni magumu, Baba Danielle,” akamwambia, akamtengenezea tai.